Kifua Kikuu Kipandapo Kichwani

Watu wengi wasikiapo jina la kifua kikuu huwaza kikohozi kisichokoma, makohozi yenye damu na mwili uliokonda. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Viini vya ugonjwa huo havikai mapafuni tu. Vyaweza kusafiri ndani ya damu vikafika katika mifupa, katika figo, katika tezi za shingo, na hata katika utando laini unaofunika ubongo. Vikifika huko, ugonjwa huitwa kifua kikuu cha utando wa ubongo, nao ni mkali kuliko namna zote za kifua kikuu. Wanaoupata ni wachache, labda mmoja au wawili katika wagonjwa mia wa kifua kikuu. Lakini katika hao wachache wengi hufa, na wengi wa wanaopona hubaki na kilema.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ugonjwa huu haumngoji mtu awe mzee au dhaifu. Huweza kumshika kijana mwenye nguvu, asiyekohoa, asiye na virusi vya Ukimwi, na ambaye hajapata kulazwa hospitali tangu azaliwe. Tena haumjii kwa kishindo. Humjia polepole, kwa kichwa kuuma na homa ndogo, mambo ambayo kila mkazi wa mjini ameyazoea. Hapo ndipo hatari yake ilipo. Ugonjwa huu hutoa nafasi ya siku kadhaa ambazo mgonjwa aweza kuokolewa akarudi kazini kwake akiwa mzima. Aghalabu siku hizo hupotea bure. Kwa hiyo yafaa watu wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, kutoka Pumwani na Shauri Moyo mpaka Kayole na Dandora, wajue vizuri jinsi siku hizo zinavyopita na yapasayo kufanywa ndani yake.

VIINI HUTOKA WAPI

Kiini cha kifua kikuu kiligunduliwa na daktari Mjerumani, Robert Koch, aliyetangaza habari hiyo mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Kiini hicho hutoka kwa mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu akohoapo, apigapo chafya, au azungumzapo kwa nguvu. Huelea hewani katika chumba kisicho na madirisha ya kutosha, kisha mtu mwingine hukivuta kwa pumzi bila kujua.

Sasa, si kila akivutaye huugua. Hukadiriwa kwamba karibu mtu mmoja katika kila watu wanne duniani amepata kuambukizwa viini hivi. Walio wengi hawataugua kamwe, kwa sababu mwili huvizungushia ukuta na kuvifunga kama wafungwa. Katika watu mia walioambukizwa, watano hadi kumi tu ndio wataugua katika maisha yao yote. Lakini wafungwa hao hawafi upesi. Hukaa kimya miaka mingi, kama moto uliofunikwa na majivu.

Kabla ya kufungwa, baadhi ya viini huponyoka kwa njia ya damu, na vichache vyaweza kufika kichwani na kujificha ndani ya ubongo au kando ya utando wake, vikafanya kidonda kidogo sana. Mwaka 1933 madaktari wawili Wamarekani, Arnold Rich na Howard McCordock, walionyesha kwamba kidonda hicho kikipasuka siku moja, viini humwagika katika maji yanayouzunguka ubongo, na hapo ndipo ugonjwa huanza. Hiyo ndiyo sababu mtu aweza kuugua kichwani hali kifua chake ni safi, hana kikohozi, wala hakumbuki kukaa na mgonjwa yeyote.

KWA NINI HATA WENYE AFYA

Mtu mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa yumo katika hatari kubwa kuliko wengine, na kadhalika mwenye ugonjwa wa sukari, mlevi wa kupindukia, na asiyepata chakula cha kutosha. Lakini ni kosa kudhani kwamba asiye na mambo hayo yuko salama. Mwaka 1926 au mwaka huu, hewa ya chumba ni ile ile kwa wote waliomo.

Mwaka 2016 Serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi nchini kote ili kujua ni watu wazima wangapi walio na kifua kikuu cha mapafu. Wakaonekana kuwa 558 katika kila watu wazima 100,000, idadi iliyokuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Zaidi ya wanane katika kila kumi ya wagonjwa waliopatikana hawakuwa na virusi vya Ukimwi. Ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi mijini kuliko mashambani, na wanaume wenye umri wa miaka 25 hadi 34 ndio walioshikwa sana. Kadhalika ilikadiriwa kwamba wagonjwa wanne hivi katika kila kumi hawakuwa wamejulikana wala kutibiwa. Maana yake ni kwamba walikuwa wakienda kazini, wakipanda matatu, na kulala pamoja na jamaa zao, huku wakikohoa.

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi jambo hili lina uzito wa pekee. Nyumba nyingi za mitaa ya zamani zilijengwa na Halmashauri ya Mji kabla ya Uhuru kwa ajili ya wafanyakazi wanaume, chumba kimoja kimoja. Baadaye vyumba hivyo vikawa makao ya jamaa nzima. Na katika maghorofa mapya yaliyosongamana, mara nyingi dirisha la mtu hutazamana na ukuta wa jirani yake, jua lisiingie wala upepo usipite. Mfanyakazi mwenye afya njema alalaye katika chumba cha namna hiyo huvuta hewa ile ile avutayo mgonjwa. Misuli yake haimkingi.

Wengine husema, “Mimi nilichanjwa nilipokuwa mtoto, alama ipo mkononi.” Chanjo hiyo, iitwayo BCG, ilitolewa kwa binadamu mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1921, na nchini Kenya watoto huipata mara wazaliwapo. Ni chanjo njema sana, maana humkinga mtoto mdogo hasa na kifua kikuu hiki cha kichwani. Lakini nguvu yake hupungua kadiri miaka ipitavyo. Alama iliyo mkononi mwa mtu mzima ni ukumbusho wa kinga ya utotoni, si ngao ya leo.

JUMA LA KWANZA, LA PILI NA LA TATU

Kiini cha kifua kikuu ni kivivu. Viini vingine vingi huzaana kila baada ya dakika chache, lakini hiki huhitaji karibu siku nzima ili kimoja kiwe viwili. Ndiyo maana ugonjwa wenyewe hujongea polepole. Na achukuliwe kwa mfano fundi wa magari akaaye Bahati, mwenye umri wa miaka thelathini, mwenye mke na watoto wawili. Huyu si mtu fulani, bali ni mfano wa wengi.

Katika juma la kwanza fundi huyu huona uchovu usio na sababu. Chakula hakimpendezi. Jioni mwili wapata joto kidogo, na kichwa chamwuma, kwanza kidogo, kisha zaidi. Hununua vidonge vya kutuliza maumivu dukani. Kichwa hupoa saa chache, kisha hurudi. Jirani humwambia ni malaria, naye hununua dawa ya malaria bila kupimwa damu, akaendelea kwenda gereji.

Katika juma la pili kichwa hakiachi tena, usiku na mchana. Hutapika asubuhi hata kama hajala kitu. Shingo yamkaza, hawezi kuinamisha kidevu kikaguse kifua. Mwanga wa jua humchoma macho. Huenda katika kliniki ndogo ya mtaani, akaambiwa ana homa ya matumbo, akapigwa sindano za siku tano. Wakati huo mkewe aanza kuona mambo mageni. Mumewe husahau jina la mtoto, hukasirika bila sababu, humjibu vibaya mwenye gereji, na husema kwamba aona magari mawili pale penye gari moja. Hapo ndipo jamaa huanza kunong'ona. Mmoja asema ni pombe, mwingine asema amerogwa, na wa tatu ashauri apelekwe nyumbani mashambani akatazamwe na wazee. Mgonjwa huchukuliwa mpaka kituo cha mabasi cha Machakos, akapakiwa katika basi la usiku, akaziacha nyuma hospitali kubwa zilizo karibu na mlango wake, na kwenda safari ya saa nane.

Katika juma la tatu hulala sana, akiamshwa huguna tu. Mwili hutukutika kama wa mwenye kifafa. Mkono na mguu wa upande mmoja hulegea. Mwisho huzimia asiamke.

Madaktari huzigawa hali hizo katika daraja tatu. Daraja ya kwanza ni mgonjwa mwenye fahamu timamu asiye na dalili ya kupooza. Ya pili ni aliyeanza kuchanganyikiwa, au mwenye jicho, uso au kiungo kilicholegea. Ya tatu ni aliyezimia, au aliyepooza kabisa. Tofauti kati ya daraja hizo ni kubwa mno. Wanaoanza dawa wakiwa katika daraja ya kwanza wengi wao huishi, na wengi hupona wakawa wazima. Wanaoanza katika daraja ya tatu, nusu yao au zaidi hufa, na wanaobaki ni nadra kurudi kama walivyokuwa. Dawa ni zile zile. Kinachowatenganisha ni siku kumi au kumi na tano zilizopotea katikati.

MAGONJWA YANAYOFANANA NAO

Si ajabu kwamba ugonjwa huu huwadanganya watu, maana dalili zake za mwanzo ni za magonjwa mengi. Lakini yako mambo machache ya kuutambulisha.

Malaria yenyewe si ya kawaida sana Nairobi, kwa sababu mji uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mbu wa malaria hawastawi vizuri. Mtu ambaye hakusafiri, kisha akapata homa na kuumwa kichwa, asikubali kuambiwa ni malaria mpaka damu yake ipimwe. Tena, aliyetumia dawa ya malaria au ya homa ya matumbo kwa ukamilifu bila kupata nafuu, asirudie dawa ile ile mara ya pili na ya tatu. Kutopata nafuu ni habari, na habari hiyo yapasa ipelekwe hospitali.

Iko pia homa ya uti wa mgongo ijulikanayo na wengi, ambayo humwangusha mtu mzima kwa siku moja au mbili. Watu huijua kwa haraka yake. Kwa sababu hiyo hudhani kwamba aliyeugua majuma mawili hawezi kuwa na ugonjwa wa utando wa ubongo. Dhana hiyo imewaponza wengi, maana kifua kikuu cha kichwani hutambulikana hasa kwa kukawia kwake. Kadhalika uko ugonjwa uletwao na ukungu, ambao huwashika hasa wenye virusi vya Ukimwi. Huo nao huumiza kichwa kwa majuma, lakini dawa yake ni nyingine kabisa. Mtu hawezi kuyatenga magonjwa haya kwa macho. Hutengwa kwa kuyatazama maji ya ubongo.

HOFU YA SINDANO YA MGONGO

Hapa pana kikwazo kikubwa. Daktari anapotaka kuchukua maji kwa sindano katika mgongo, jamaa wengi hukataa. Husema, “Fulani alichomwa mgongoni akapooza,” au “Fulani alichomwa akafa.” Ni kweli kwamba wako waliochomwa kisha wakafa. Lakini walikufa kwa ugonjwa uliowafanya wachomwe, na mara nyingi kwa sababu walifika wakiwa wamechelewa.

Njia hii si ngeni. Daktari Mjerumani, Heinrich Quincke, aliionyesha mwaka 1891, nayo imetumika duniani kote tangu wakati huo. Uti wa mgongo haufiki mpaka kiunoni. Hukoma juu kidogo, na chini yake mna maji na nyuzi za fahamu zinazoelea ndani yake. Sindano hupitishwa chini ya pale uti unapokomea, kwa hiyo haiwezi kuukata. Mgonjwa aweza kuumwa kichwa au mgongo siku chache, kisha maumivu huisha. Daktari akiona dalili kwamba ubongo umesongwa upande mmoja, hutaka kwanza picha ya ubongo ichukuliwe kwa mashine, ili awe na hakika kwamba sindano haitaleta madhara.

Maji hayo kwa mtu mzima wa afya ni meupe kama ya chemchemi. Ya mgonjwa huyu aghalabu yana sukari pungufu, protini nyingi, na chembe za damu nyeupe. Hutazamwa kwa darubini, na siku hizi hutiwa pia katika mashine iitwayo GeneXpert, ambayo hutafuta viini kwa muda wa saa mbili hivi na kuonyesha kama vimezoea dawa iitwayo rifampisini. Kuvikuza viini katika maabara huchukua majuma kadhaa.

Yafaa jamaa waelewe jambo moja. Viini katika maji hayo ni vichache sana, na hata mashine bora huweza kuvikosa. Jibu la “hakuna” si ushahidi kamili kwamba ugonjwa haupo. Ndiyo maana daktari mwenye busara, akiona dalili zote zaelekea upande mmoja, huanza dawa mara moja bila kungoja jibu la mwisho. Jamaa wasimlaumu kwa kutibu kabla ya kuwa na hakika. Akingoja mpaka awe na hakika kamili, huenda akawa na hakika juu ya maiti.

DAWA NA MIEZI KUMI NA MIWILI

Kabla ya dawa kupatikana, aliyeshikwa na ugonjwa huu alikuwa kama aliyekwisha kuhukumiwa. Karibu wote walikufa. Mwaka 1943 dawa ya streptomisini iligunduliwa huko Marekani, na kwa mara ya kwanza baadhi ya wagonjwa walianza kuinuka vitandani. Mwaka 1952 ikafuata isoniazidi, ambayo hupenya vizuri mpaka ubongoni. Afrika ya Mashariki nayo ina sehemu yake katika habari hii. Matokeo ya majaribio yaliyofanywa na madaktari wa Kiingereza pamoja na wa hapa, katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, yalichapishwa mwaka 1972. Yalionyesha kwamba kifua kikuu cha mapafu, ambacho kilitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu, chaweza kuponywa kwa miezi sita, ikiwa rifampisini au pirazinamidi imeongezwa. Dunia nzima imefaidika kwa kazi hiyo.

Lakini kifua kikuu cha kichwani hakitoshelezwi na miezi sita. Ubongo umezungushiwa kizuizi ambacho huzuia vitu vingi vya damu visiingie, na baadhi ya dawa, rifampisini ikiwa mojawapo, hupenya kidogo tu. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa nne kwa miezi miwili, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha dawa mbili za kwanza kwa miezi kumi zaidi. Jumla ni miezi kumi na miwili. Dawa hizi hutolewa bila malipo katika hospitali na vituo vya Serikali.

Pamoja na hizo mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza uvimbe, iitwayo deksamethasoni, kwa majuma sita hadi manane, ikipunguzwa kidogo kidogo. Jaribio lililofanywa Vietnam na kutangazwa mwaka 2004, juu ya wagonjwa 545, lilionyesha faida yake. Waliokufa miongoni mwa walioipata walikuwa 32 katika mia, na miongoni mwa wasioipata 41 katika mia. Dawa hii isikatizwe ghafula.

Mkojo wa mgonjwa hugeuka rangi ya machungwa, na hilo si baya. Lakini macho yakiwa ya manjano, au macho yakipungua kuona, au miguu ikifa ganzi, yampasa arudi hospitali upesi, kwa maana dawa huenda zinamdhuru. Mwanamke atumiaye vidonge vya kupanga uzazi amweleze daktari, kwa sababu rifampisini huvipunguzia nguvu.

MADHARA YANAYOFUATA

Viini vimwagikapo, mwili hupigana navyo, na katika vita hiyo hufanyika ute mzito kama uji ulioganda, chini ya ubongo. Ute huo ndio uletao maafa mengi.

La kwanza ni maji kujaa kichwani. Ubongo wa mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita ya maji kila siku, nayo hutoka kwa vijia vyembamba. Ute ukiviziba, maji hujaa kama mtaro ulioziba wakati wa mvua, yakausukuma ubongo. Mgonjwa husinzia, hutapika, na macho huanza kufifia. Huenda ikalazimu madaktari wa upasuaji wamtie mpira mwembamba wa kuyapeleka maji tumboni. Kazi hiyo hufanywa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

La pili ni kiharusi. Mishipa ya damu ipitayo ndani ya ute huvimba na kuziba, na sehemu ya ubongo hukosa damu ikafa. Hivyo kijana asiyejua shinikizo la damu ni nini hupooza upande mmoja kama mzee.

La tatu ni kunyongwa kwa mishipa ya fahamu ya macho, uso na masikio. Mtu hupata makengeza, huona vitu viwili viwili, huwa kiziwi, au hupofuka. La nne ni uvimbe wa kifua kikuu ndani ya ubongo wenyewe, uletao kifafa. La tano ni chumvi kupungua katika damu, jambo linaloongeza usingizi na kutukutika. La sita hutokea ute ushukapo mpaka katika uti wa mgongo, na miguu hufa, na mkojo haushikiki au hautoki.

Kisha yako madhara yasiyoonekana kwa macho. Mtu aliyekuwa mpole huwa mkali. Fundi aliyekumbuka kila skrubu husahau alipoweka nyundo. Mwenye kazi na jamaa wasimhesabu kuwa mvivu au mwenye kiburi. Mazoezi ya viungo, subira na kazi nyepesi huweza kumrudishia mengi katika mwaka wa kwanza.

Yafaa pia kujua kwamba wengine huzidi kuumwa majuma machache baada ya kuanza dawa. Si lazima iwe dawa imeshindwa. Mara nyingi ni mwili unaopigana na mabaki ya viini vilivyokufa. Mgonjwa arudishwe hospitali, lakini dawa zisitupwe. Aziachaye kwa sababu amepata nafuu katika mwezi wa nne hufanya ubaya maradufu, maana viini vilivyosalia huamka, na vyaweza kuwa vimekwisha kuzoea dawa.

NYUMBANI NA KWA MAJIRANI

Ugonjwa wa kichwani wenyewe hauambukizi. Hakuna haja ya kumtengea mgonjwa sahani na kikombe, wala mwenye nyumba hana sababu ya kumfukuza katika ploti. Lakini alipata viini kutoka kwa mtu, na mtu huyo huenda bado yupo, akikohoa katika chumba kile kile au katika kazi ile ile. Tena, mgonjwa mwenyewe aweza kuwa na kifua kikuu cha mapafu pamoja na cha kichwa. Kwa hiyo wote wakaao naye wapimwe, hasa watoto wadogo. Watakaoonekana wagonjwa watatibiwa, na wasio wagonjwa waweza kupewa dawa za kinga.

Vituo vya afya vya Bahati, Jericho, Makadara na Dandora viko karibu na watu, na Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko huko huko mashariki ya mji. Safari ya kufika huko ni fupi kuliko safari ya kwenda kwa mpiga ramli. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ugonjwa huu hata usipofichwa hujificha wenyewe, basi wajibu wa jamaa ni kuutafuta.

YA KUKUMBUKA

1. Kichwa kiumacho zaidi ya juma moja pamoja na homa, hata kama ni homa ndogo, kipelekwe hospitali, si dukani.

2. Mtu anayetapika bila sababu, anayekaza shingo, anayeona vitu viwili viwili, au aliyebadilika tabia ghafula, apelekwe siku hiyo hiyo. Asingojewe mwisho wa mwezi, wala asipakiwe basi kwenda mashambani.

3. Mwambie daktari siku kichwa kilipoanza kuuma, dawa zilizokwisha kutumiwa, na kama yuko mtu anayekohoa nyumbani au kazini.

4. Sindano ya mgongo isikataliwe.

5. Dawa zimezwe kila siku kwa miezi kumi na miwili, hata baada ya kupata nguvu.

6. Fungueni madirisha, na anayekohoa majuma mawili apimwe makohozi.

Mke wa fundi yule wa mfano hakuhitaji elimu ya udaktari ili amwokoe mumewe. Alikwisha kuona kwa macho yake siku ambayo mumewe alisahau jina la mtoto. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kwenda.